Uhaba, Ushuru na Gari la Kulala Safarini

Gari la kupigia kambi, lile lenye kitanda cha kukunja, jiko la gesi, sinki na paa linaloinuka, siku hizi huhesabiwa kuwa kitu cha wenye nacho. Ukitazama bei zake Ulaya na Marekani, ni vigumu kubisha. Lakini asili yake si ya anasa. Lilitokana na gari la kazi lenye bodi iliyofungwa pande zote, gari la kusambazia mikate, vipuri na vifurushi, na lilienea kwa watu waliokuwa na uwezo wa kununua gari moja tu. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba mambo mawili ndiyo yaliyolifikisha lilipo: uhaba, uliolazimisha gari moja lifanye kazi mbili, na ushuru, ulioamua ndani ya gari hilo kuwe na nini. Hamu ya kusafiri ilikuwapo tangu zamani, na peke yake haikuzaa gari la namna hii.

Atakayepinga ataanza na tarehe. Mwaka 1885 daktari na mwandishi Gordon Stables alikwishatengenezewa huko Bristol nyumba ya mbao yenye magurudumu, akaiita The Wanderer, akasafiri nayo kutoka kusini mwa Uingereza hadi Uskoti ikivutwa na farasi wawili. Mwaka 1910 kampuni ya Pierce-Arrow ilionyesha mjini New York gari lake la Touring Landau, ambalo kiti chake cha nyuma kiligeuka kitanda, beseni la kunawia lilikunjwa nyuma ya kiti cha dereva, na abiria alimwagiza dereva kwa simu. Je, si matajiri hao walioanza? Walianza, ndiyo, ila hawakuacha uzao. The Wanderer ilikuwa moja, na ilitembea na watumishi. Touring Landau ilimfaa mtu mwenye dereva wa kuajiriwa. Historia ya kitu cha watu wengi haianzi kwa mtu wa kwanza kukiwaza. Huanza pale kinapofika mikononi mwa fundi wa kawaida na mnunuzi wa kawaida. Kwa gari hili, hilo lilitokea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, katika nchi iliyobomolewa kwa mabomu.

Kiwanda cha Volkswagen mjini Wolfsburg kilikuwa chini ya jeshi la Uingereza, kikisimamiwa na Meja Ivan Hirst. Jeshi lilipotaka kurudishiwa mashine zake za kunyanyulia mizigo, mafundi wa kiwandani walijitengenezea chombo cha kuhamishia vipuri kutoka kitengo kimoja hadi kingine: jukwaa tupu juu ya chasisi ya gari dogo, dereva akikaa nyuma juu ya injini. Waliliita Plattenwagen. Mfanyabiashara wa Kiholanzi, Ben Pon, alikiona chombo hicho, na tarehe 23 Aprili 1947 akachora kwenye daftari lake gari lenye umbo la sanduku, dereva mbele kabisa, injini nyuma kabisa, na mzigo katikati. Mchoro huo umehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam. Magari yenyewe yalianza kutengenezwa kwa wingi Machi 1950, yakiwa na injini ya nguvu za farasi 25 na uwezo wa kubeba kilo 750 hivi. Hakuna katika maelezo hayo neno hata moja kuhusu likizo. Lilikuwa gari la mwokaji mikate, la fundi bomba na la muuza mboga. Hata hivyo, kwa kuwa dereva aliwekwa juu ya magurudumu ya mbele na injini ikasukumwa nyuma, katikati palibaki chumba kilicho wazi, na ndicho ambacho mtu anayetaka kulala garini hukihitaji.

Kilichofuata ni sehemu ninayoiona kuwa ya thamani kuliko zote katika historia hii. Huko Wiedenbrück palikuwa na kampuni ya Westfalia, iliyoanzishwa mwaka 1844 kama karakana ya mhunzi na mtengeneza magari ya farasi. Mwaka 1951 ilianza kutengeneza samani za kuingizwa ndani ya gari la Volkswagen, na baada ya muda mfupi ikawa inauza kitu kilichoitwa Camping Box. Kilikuwa kabati lililounganishwa na viti ambavyo magodoro yake yalitandazwa yakawa kitanda, pamoja na nafasi ya jiko dogo na vyombo. Sifa yake kuu ilikuwa kwamba kiliondoka. Jumatatu mwenye gari alikitoa, akapakia bidhaa zake, akaenda kazini. Jumamosi alikirudisha, akapakia watoto. Haya ndiyo mawazo ya mtu asiye na gari la pili na asiyetarajia kulipata karibuni. Tajiri hahitaji kabati linalotoka, kwa sababu gari lake la starehe halina haja ya kubeba unga siku za kazi. Ubunifu huo ulitokana na hesabu ya kaya yenye gari moja, na kwa maoni yangu haujapitwa na mwingine wowote uliofuata, pamoja na friji zote na mabafu yaliyokuja kuongezwa.

Basi kwa nini kabati linalotoka lilipoteza nafasi yake mbele ya samani zilizofungwa kwa skrubu? Jibu kubwa linapatikana ng'ambo ya Bahari ya Kaskazini. Uingereza ilikuwa imeanzisha Kodi ya Ununuzi mwaka 1940, na kodi hiyo iliyalemea magari ya abiria kuliko magari ya mizigo. Gari la bodi lisilo na madirisha nyuma ya dereva lilikuwa chombo cha kazi na lilipata nafuu. Mwenyewe akikata madirisha ubavuni na kuweka viti, limekuwa gari la abiria, na kodi kamili inamsubiri. Palikuwa na mlango wa tatu: gari hilo likifungwa kitanda, jiko, kabati na mahali pa maji kwa namna ya kudumu, serikali ilikubali kulihesabu kuwa makazi, na kodi haikutozwa. Kampuni ya Martin Walter ya Folkestone, iliyoanza karne ya 18 kwa kutengeneza hatamu na matandiko ya farasi, ilichukua gari la kusambazia bidhaa la Bedford CA lililotoka mwaka 1952 na kuligeuza kuwa Dormobile, jina ambalo kwa Waingereza wa kizazi hicho lilikuwa karibu sawa na gari la kambi lenyewe. Mwaka 1956 karakana ya useremala ya J. P. White huko Sidmouth, jimbo la Devon, ilianza kufanya hivyo kwa Volkswagen. Maseremala waliozoea kutengeneza milango na ngazi walijikuta wakipima sinki na rafu kwa ajili ya magari, na kila kilichofungwa kilikuwa pia hoja ya mteja mbele ya mkusanya kodi.

Marekani ilifika mahali hapo kwa njia nyingine. Baada ya nchi za Ulaya kuongeza ushuru wa kuku kutoka Marekani mwaka 1962, Rais Lyndon Johnson alijibu mwishoni mwa 1963 kwa ushuru wa asilimia 25 juu ya malori mepesi kutoka nje. Gari la bodi tupu la Volkswagen na pikapu yake viliangukia humo, na mauzo yake yakaporomoka. Lenye viti na madirisha, pamoja na lile la kambi, lilipita kama gari la abiria. Ushuru ule wa kulipiza kisasi cha kuku bado upo hadi leo.

Hapa kuna pingamizi linalostahili kujibiwa kwa uzito. Mtu anaweza kusema kwamba ninaupa ushuru sifa isiyo yake: watu waligeuza magari ya kazi kwa sababu yalikuwa na nafasi na yalikuwa rahisi, na kwa sababu baada ya vita walipata likizo. Upande mmoja wa hoja hiyo ninaukubali. Sheria ya Likizo ya Malipo ya Uingereza ya mwaka 1938 ilifungua njia, na mgao wa petroli ulipokwisha Mei 1950, barabara zilijaa. Tena sanduku la Westfalia halikuhitaji ushuru ili lizaliwe. Lakini nafasi peke yake haielezi jambo hili. Magari ya bodi yalikuwapo miaka ya 1930; Bedford wenyewe waliyauza tangu mwanzo wa muongo huo, na wala hakukuzuka tasnia ya kuyageuza. Wala urahisi hauelezi kwa nini jiko lifungwe badala ya kubebwa, au kwa nini sinki liwe sharti katika gari la mtu atakayeoshea vyombo mtoni. Uhaba ulimfanya mtu aanze. Likizo ilimpa siku za kusafiri. Ushuru ukapanga samani. Nikiulizwa ni kipi kati ya hivyo ambacho wanahistoria wa magari wamekipuuza zaidi, nitajibu kwamba ni hicho cha mwisho, kwa sababu hakionekani kwenye picha.

Afrika Mashariki inaingia katika historia hii kwa mlango wake. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt alipita hapa na mamia ya wapagazi waliobeba vichwani mahema, chumvi, vitabu na ngozi za wanyama. Miaka 15 baadaye mambo yalikuwa yamegeuka. Martin na Osa Johnson walikwenda Marsabit mwaka 1924 kwa malori ya Willys-Knight. Mwaka huohuo Chaplin na Stella Court Treatt waliondoka Cape Town kwa malori mepesi mawili ya Crossley, aina iliyotumiwa na jeshi la anga la Uingereza katika vita vya kwanza, wakafika Cairo mwanzoni mwa 1926. Lori la kazi lilichukua mzigo wa mpagazi, na tangu hapo msafara wa uwindaji ulikuwa ni suala la nini kifungwe kwenye bodi: tangi la maji, sanduku la chakula, nguzo za hema. Kisha ukaja mwaka 1977. Februari Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya wakati Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ikivunjika, na magari ya watalii kutoka Kenya yakazuiliwa upande wa pili; Mei, Kenya ilipiga marufuku uwindaji. Kenya ikabaki na Kombi za Volkswagen, na baadaye Nissan na Hiace, zilizokatwa paa ili mtalii asimame na kamera. Kaskazini mwa Tanzania ilibidi ijitegemee kwa magari, na mpaka ulipofunguliwa mwishoni mwa 1983 Arusha ilikuwa imelazimika kujua njia zake. Leo mafundi bodi wa mji huo huchukua pikapu ya Land Cruiser, hukata chasisi, huchomelea kipande cha kuirefusha, kisha hujenga bodi yenye viti, rafu, friji na paa la kuinuka.

Nimesikia hoja kwamba magari hayo hayahusiani na yale ya Ulaya kwa kuwa watu hawalali ndani yake. Tofauti hiyo ni ya kitanda tu. Hapa kitanda kimewekwa chini ya hema kwa sababu yupo mpishi, yupo dereva anayejua kambi za Seronera na Ngorongoro, na hema ni rahisi kuliko kabati la mbao kwenye vumbi na makorongo. Kazi ya fundi ni ileile: kuchukua chombo kilichoundwa kwa ajili ya mzigo na kukifanya kimbebe mtu, chakula chake na usiku wake. Paa linaloinuliwa Folkestone ili mama asimame akikaanga mayai ni wazo moja na paa linaloinuliwa Serengeti ili mgeni amwone simba.

Na ushuru upo vilevile. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika Jedwali la Tano, inasamehe ushuru wa magari maalumu ya utalii yanayoagizwa na kampuni zenye leseni, yakiwamo malori ya safari ndefu za kupiga kambi, na miongoni mwa masharti yake ni kuwa na nafasi ya vifaa vya kambi, vya uokoaji na vya huduma ya kwanza. Gari likiuzwa au likibadilishwa matumizi, ushuru unadaiwa. Uingereza nako, mwaka 2019 mamlaka ya usajili wa magari ilianza kudai kwamba gari lililogeuzwa lionekane kuwa la kambi hata kwa nje, madirisha na paa vikiwemo, ndipo lisajiliwe kwa jina hilo. Popote sheria inapotoa msamaha, inataka gari liache kazi yake ya awali moja kwa moja. Kampuni kubwa inaweza kutii. Mwenye lori moja dogo aina ya Kanta wa Karatu au Narok, anayebeba vitunguu msimu wa mvua na wageni msimu wa kiangazi, hawezi, ingawa yeye ndiye anayefanana zaidi na wateja wa kwanza wa Westfalia. Wanaopitia majedwali ya forodha ya Jumuiya wana nafasi ya kurekebisha hilo: waandike kifungu kinachotambua samani zinazotoka, zikaguliwe zikiwa ndani ya gari katika msimu wa wageni, na mwenye gari moja asilazimishwe kuchagua kati ya shamba na mbuga.