Kwa nini matapeli huzengea mijadala ya sarafu za kidijitali

Mtu anapouliza hadharani katika Facebook au Telegram jinsi ya kufungua pochi ya Bitcoin, huwa amekwisha kumfichulia tapeli mambo mawili: kwamba huenda ana fedha, na kwamba hajui kuzilinda. Punde hupokea ujumbe wa faragha kutoka kwa anayejiita mhudumu, akimtaka ataje maneno ya siri ya pochi hiyo, ambayo kwa kawaida huwa 12 au 24. Mwenye maneno hayo huhamisha sarafu zote.

Biashara ya kuonana ana kwa ana ni ngumu zaidi kwa tapeli. Siyu, mji wa kisiwa cha Pate uliosifika katika karne ya 19 kwa mafundi wake wa ngozi, mnunuzi aliweza kukigeuza kiatu mkononi kabla ya kulipa. Sarafu hizi hazishikiki, wala anayezinadi haonekani. Isitoshe, aliyekosea kutuma fedha kwa M-Pesa ana kampuni ya kulalamikia. Malipo ya Bitcoin yakishathibitishwa, hakuna wa kuyabatilisha. Hilo, pengine kuliko bei, ndilo linalowavuta matapeli.

Benki Kuu ya Kenya iliutahadharisha umma Desemba 2015. Sheria iliyotiwa saini Oktoba 2025 imeipa benki hiyo, pamoja na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, jukumu la kusimamia kampuni zinazotoa huduma hizo. Wanaoandika kwa majina bandia hawaombi leseni.