Rumba, tango, salsa: nani anaongoza, nani anafuata?

Ku arusi za Uvira, rumba ikianza kila mtu anajua kazi yake: mwanaume anaongoza, mwanamke anafuata. Lakini ku miji mingi ya Ulaya na Amerika kuna vikundi ambamo kila mtu anajifunza yote mbili. Vilianzishwa na watu wanaopenda wa jinsia yao, pamoja na watu waliobadili jinsia.

Dansi zilitoka wapi?

Watumwa waliotoka Kongo walifika Cuba na ngoma zao. Wengi wanasema neno rumba linatoka kwa «nkumba», ni kusema kitovu kwa Kikongo. Kuanzia 1933, sahani za santuri za «GV» zilirudisha mizike ya Cuba huku kwetu, na wanamuziki wa Léopoldville wakaifanya yao. UNESCO iliandika rumba ya Cuba katika urithi wa dunia mwaka 2016. Rumba ya Kongo zote mbili ikafuata Desemba 2021.

Vikundi vilianza namna gani?

Tuangalie tango, yenye kuwa pia na mizizi ya Waafrika. Zamani ku Buenos Aires, wanaume walikuwa wanafanya mazoezi ya tango wenyewe kwa wenyewe, na hakuna aliyeshangaa. Mwaka 2001, festivali ya kwanza ya tango ya watu hawa ilifanyika Hamburg, Ujerumani. Buenos Aires ikafanya yake 2007. Salsa nayo ikapata vikundi vya namna hiyo.

Kanuni ni nyepesi. Unaomba mbele ya kumshika mtu. Unauliza: «Unaongoza ao unafuata?» Mnaweza kubadilishana katikati ya wimbo. Mtu aliyebadili jinsia haulizwi juu ya mwili wake. Anachagua tu kazi yake ndani ya dansi.

Na sheria huku?

Kongo haina sheria yenye kuazibu waziwazi mapenzi ya watu wazima wa jinsia moja, lakini katiba, kifungu cha 40, inaruhusu ndoa ya mwanaume na mwanamke tu. Kuvuka mpaka wa Kavimvira ni jambo lingine: Burundi inaazibu mapenzi hayo tangu 2009, na Tanzania, ng'ambo ya ziwa, inatoa kifungo kirefu zaidi.

Hakuna sheria huku inayokataza watu wawili kucheza rumba. Lakini picha moja ikitembea ku WhatsApp inaweza kumfukuzisha mtu nyumbani ao kazini. Njo maana kwa watu hawa, kuomba ruhusa mbele ya kupiga picha si adabu tu, ni usalama.