Emutai: miaka ya kumalizika

Wazee wa Kimaasai wana jina moja kwa miaka ya 1883 hadi 1902 hivi: Emutai. Maana yake ni kumalizika, kufutika kabisa. Ng'ombe waliisha kwanza, kisha watu wakaanza kuisha.

Homa ya mapafu ya ng'ombe ndiyo iliyotangulia, mwaka uleule msafiri Mskochi Joseph Thomson alipokatiza nchi yao. Ilipukutisha mifugo, lakini boma lilibaki na wa kuanzia upya. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliofuata, haikubakisha. Inasadikiwa kuwa iliingia kupitia Massawa mwaka 1887 pamoja na ng'ombe walioletwa kulisha jeshi la Italia, ikashuka kusini hadi kufika Umaasaini mwaka 1891 hivi. Ng'ombe akiugua hutoka machozi, mdomo huota vidonda, huharisha, na wiki moja au mbili baadaye amekufa. Nyati na pofu nao walianguka. Kwa makadirio ya kawaida, katika kila ng'ombe kumi walikufa tisa.

Mmaasai asiye na ng'ombe hakuwa na maziwa ya mtoto, mahari ya kuolea wala fidia ya kumaliza ugomvi. Mwaka 1892 ndui ikawakuta watu hao tayari wana njaa.

Mwaka huohuo Oscar Baumann, msafiri wa Kiaustria, alipita Ngorongoro. Aliwaona wanawake waliobaki mifupa mitupu, na morani wasioweza hata kusimama, wakitambaa kwa mikono na magoti. Walikula punda waliokufa, walikula ngozi, mifupa, na hata pembe za ng'ombe. Pembe! Baumann alikadiria kuwa theluthi mbili ya Wamaasai wamekufa. Hilo ni kadirio la mpita njia, maana hakuna aliyekuwa amewahesabu kabla, lakini hakuna sababu ya kudhani alikuwa akitia chumvi kuhusu alichokiona kwa macho.

Walionusurika walitawanyika kwa majirani: Wakikuyu, Waarusha, Wachaga. Wengine waliacha watoto wao kwa Wakikuyu ili wapewe chakula, na wako waliokulia hukohuko wasirudi tena. Juu ya hayo, laibon mkuu, yaani kiongozi wao wa kiroho, Mbatiany, alifariki karibu na 1890, na wanawe Lenana na Sendeyo wakagombania nafasi yake. Lenana aliamua kujisogeza kwa Waingereza.

Nao Waingereza walifika kwa wakati uliowafaa. Reli ilipopita Bonde la Ufa, walikuta malisho mapana na maboma machache, na kamishna Sir Charles Eliot akaliona bonde hilo kuwa la kugawiwa walowezi. Nchi iliyokuwa imefiwa ikasomwa kuwa nchi isiyo na wenyewe. Makosa ya aina hiyo yana faida kwa anayeyafanya. Mkataba wa 1904 uliwahamishia Wamaasai Laikipia na eneo la kusini, ukiahidi kudumu muda wote watakapokuwepo duniani. Ulidumu miaka 7. Mwaka 1911 wakaamriwa waondoke Laikipia pia. Kiongozi wao Ole Gilisho na wenzake wakaenda mahakamani, na mwaka 1913 kesi ikatupwa kwa hoja kwamba mikataba baina ya dola na dola haikuwa kazi ya mahakama hiyo kuiamua. Watu waliokuwa wakitawaliwa kila siku wakaambiwa, kwa siku hiyo moja, kuwa wao ni taifa la kigeni.

Ajabu ni kwamba magonjwa mawili pekee ambayo dunia imefanikiwa kuyatokomeza ni yaleyale ya Emutai. Ndui ilitangazwa kwisha mwaka 1980, na sotoka mwaka 2011, kwa msaada mkubwa wa chanjo ambayo Walter Plowright na wenzake waliitengeneza Muguga, nje kidogo ya Nairobi. Homa ya mapafu ya ng'ombe, ile iliyotangulia, bado ipo, na wafugaji wa Kenya na Tanzania wanaendelea kuchanja mifugo yao dhidi yake.