Kijana wa Tabora Anapotaka Kusomea Ngoma

Kijana aliyemaliza kidato cha nne hapa Tabora akitamka kuwa anataka kusomea ngoma, nyumbani ataulizwa: ngoma nayo husomewa? Husomewa. Na njia ya kuiendea ni ile ile ya wapagazi.

Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka huku hadi Bagamoyo. Burton na Speke walipokuja huku waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Kaze, jirani na Tabora ya leo, Novemba. Burton aliandika jinsi kirangozi alivyotangulia msafara akiwa amevaa manyoya kichwani na kushika bendera nyekundu, nyuma yake mpiga ngoma. Jioni kambini watu walicheza, uchovu au bila uchovu.

Bagamoyo hiyo hiyo ndiko serikali ilikofungua Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa. Ngoma husomwa pamoja na muziki, maigizo na sanaa za ufundi, kwa cheti na stashahada. Anayetaka shahada huendelea hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza kufundisha sanaa za maonyesho mwishoni mwa miaka ya 1960.

Sasa yuko kijana wa pili, anayetamani fimbo: ile ya mtu anayetangulia bendi, akiizungusha na kuirusha juu bila kuikosa. Asidhani ni mambo mageni. Beni ilianza pwani ya Kenya miaka ya 1890, ikasambazwa na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza hadi bara. Marini na Arinoti walishindana kwa sare, gwaride, matarumbeta na vyeo vya kijeshi, hata Waingereza wakaichunguza wakidhani ni siasa. Siasa gani, watu walikuwa wakicheza! Lakini leo fimbo hiyo hujifunzwa katika bendi za Jeshi, Polisi na Magereza, na huko huishiki kabla hujala kiapo.

Mimi naona hapa pana kasoro. Tabora ina chuo cha reli, cha ualimu na cha utumishi wa umma. Wanaoijua hiari ya moyo, ngoma ya Wanyamwezi wenyewe, wako hapa hapa vijijini, nao wanazeeka. Kwa nini wasiitwe chuo cha ualimu, walipwe posho kama mkufunzi yeyote, wawafundishe walimu watakaokwenda kukaa na watoto? Na bendi za sare zikiwafungulia vijana wa uraiani mlango kwa mafunzo ya miezi mitatu wakati wa likizo, gharama yake ni nini? Uwanja upo, fimbo zipo, na mwalimu analipwa mshahara tayari.