Usalama wa kontena za kompyuta huanza kiwandani

KONTENA, katika taaluma ya kompyuta, ni kifurushi kinachobeba programu pamoja na kila inachohitaji ili ifanye kazi. Jina hilo limetokana na makasha yanayopakuliwa katika bandari kama ya Mombasa: shehena hupakiwa mara moja, kisha husafirishwa kwa meli, gari la moshi au lori bila kufunguliwa.

Teknolojia hii ilienea baada ya Docker kuzinduliwa mwaka wa 2013. Mwaka uliofuata, kampuni ya Google ilitangaza Kubernetes, mfumo unaosimamia kontena nyingi kwa pamoja.

Kila kontena huundwa kutokana na kiolezo. Kiolezo kimoja chaweza kuzalisha mamia ya kontena kwa muda mfupi, na kasoro iliyomo huzaliwa nazo zote. Mnamo 2018, violezo 17 vilivyofichwa programu hasidi, zikiwemo za kuchimba sarafu za kidijitali, viliondolewa katika hifadhi ya Docker Hub. Vilikuwa vimepakuliwa zaidi ya mara milioni tano.

Ndiyo maana wataalamu hushikilia kwamba ukaguzi usingojee programu ikamilike. Kwanza, msanidi hutumia violezo kutoka chanzo anachokiamini, na haandiki maneno ya siri ndani ya programu. Pili, kila badiliko hupimwa na mitambo kabla ya kupokelewa. Tatu, kiolezo hutiwa sahihi ya kidijitali, nayo orodha ya viungo vyake huhifadhiwa. Kasoro ya Log4j ilipotangazwa Desemba 2021, taasisi nyingi zilihangaika kutafuta ni programu zipi kati ya zao zilizokuwa na kiungo hicho.

Programu ikishaanza kazi, kontena hunyimwa mamlaka isiyoyahitaji. Kasoro ikigunduliwa, kinachorekebishwa ni kiolezo. Kontena za zamani huondolewa na mpya zikawekwa mahali pake.

Nchini Kenya, suala hili si la hiari ya mafundi pekee. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawataka wanaoshughulikia habari za watu kuweka kinga tangu mfumo unapobuniwa. Habari hizo zikivuja na wenyewe wakawa hatarini, Kamishna wa Data sharti aarifiwe katika muda wa saa 72. Asiyeziba ufa, wahenga walinena, hujenga ukuta.