Kokwa la Mwarobaini

Katika nyua za Temeke na Kinondoni mwarobaini ni mti wa kivuli na wa dawa. Jina lake lenyewe ni sifa, maana husemwa kuwa huponya maradhi arobaini. Aghalabu majani na magome ndiyo yachemshwayo, na maji yake machungu hunywewa kwa homa. Walakini matunda yake madogo ya manjano huanguka, na makokwa yake hufagiliwa pamoja na takataka, ilhali humo ndimo zilimo kwa wingi dutu zilizoupatia mti huu sifa duniani.

Mwarobaini si mwenyeji wa pwani yetu. Asili yake ni Bara Hindi na Burma. Mwaka 1942 mwanakemia Salimuzzaman Siddiqui alitenga katika mafuta ya makokwa yake dutu chungu, mojawapo nimbini. Mwaka 1959 Heinrich Schmutterer, Mjerumani, aliona huko Sudani nzige wakila majani ya miti mingine na kuuacha mwarobaini. Mwaka 1968 wataalamu wa Uingereza, Butterworth na Morgan, walipata katika makokwa hayo azadirakitini. Dutu hii humkinaisha mdudu chakula. Naye akila, hushindwa kujivua gamba na kukua.

Elimu hiyo ilipopata thamani ya fedha, ilipata na wadai. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa Wizara ya Kilimo ya Marekani na kampuni ya W. R. Grace hataza, yaani haki ya kumiliki ugunduzi, juu ya njia ya kuzuia kuvu kwenye mimea kwa mafuta ya mwarobaini. Wapinzani, miongoni mwao Vandana Shiva wa Uhindi, walishuhudia kwamba njia hiyo ilikwisha kujulikana kwao. Hataza ilifutwa mwaka 2000, na rufani ikatupwa mwaka 2005.

Ukale wa mila peke yake haukutosha. Ushahidi ndio uliowapa Wahindi haki yao. Nasi tukiulizwa maradhi hayo arobaini ni yapi, nani atayataja? Mwanafunzi wa Kiswahili na aende Mbagala na Tandale, akaandike wayasemayo wazee: majina, vipimo, na maonyo pia, kwani mafuta ya makokwa hayo yamepata kuwadhuru watoto wachanga walionyweshwa. Sifa ya mti tumekwisha kuirithi. Maelezo yake bado yamo vinywani mwa watu, nao hawatadumu.