Lotasi Iliyobaki Chini ya Maji

Mwaka jana utafiti wangu ulipokwama, rafiki mmoja alinitumia picha ya ua la lotasi limesimama juu ya bwawa. Chini yake aliandika kwamba hata ua hili hutoka kwenye matope. Nilimshukuru. Ila sisi tunaosoma historia ya dini tuna ugonjwa wetu: tukiona picha tunauliza imetoka wapi. Basi nikaanza kuchimba. Kumbe katika mojawapo ya maandishi ya zamani ya Kibuddha yanayoeleza taamuli hatua kwa hatua, lotasi inayotajwa haijatoka popote. Iko chini ya maji, na ndiko inakokaa.

Kwanza tuelewane kuhusu mmea wenyewe. Wengi tunauita yungiyungi, lakini lotasi (kitaalamu Nelumbo nucifera) na yungiyungi la maji ni mimea miwili tofauti. Amini usiamini, kwa nasaba lotasi iko karibu zaidi na mti wa makadamia kuliko na yungiyungi. Wahindi wa kale waliyataja maua haya pamoja: uppala la buluu, paduma jekundu, pundarika jeupe. Lile la buluu leo tungeliweka upande wa yungiyungi.

Sasa twende kwenye kisa. Kimo katika Samannaphala Sutta, sehemu ya Tipitaka ya Kipali. Maneno yake yalihifadhiwa kwa mdomo vizazi kadhaa kabla ya kuandikwa. Mapokeo yanasema yaliandikwa Sri Lanka karne ya 1 KK.

Ni usiku wa mwezi mpevu. Ajatasattu, mfalme wa Magadha kaskazini-mashariki mwa India, ameketi juu ya paa la kasri lake akitafuta mtu wa kumtuliza moyo. Ana sababu. Alimuua baba yake, mfalme Bimbisara, ili atawale yeye. Tabibu wake, Jivaka, anamshauri aende kwa Buddha, ambaye wakati huo yuko kwenye shamba la miembe la tabibu huyo. Wanapokaribia, mfalme anashikwa na hofu. Ameambiwa kuna watawa 1,250 mahali pale, mbona hasikii hata mtu kukohoa? Anadhani ameingizwa mtegoni. Halafu anawaona, kimya kama ziwa la maji maangavu, na neno la kwanza linalomtoka ni kutamani mwanawe naye apate utulivu ule.

Swali lake kwa Buddha ni la mtu wa vitendo: maisha ya utawa yana faida gani inayoonekana hapa hapa duniani? Jibu ni refu, na ndani yake zimo hatua nne za taamuli, zinazoitwa jhana, kila moja na mfano wake.

Hatua ya kwanza ni kama mhudumu wa hamamu anayenyunyizia maji unga wa kuogea na kuukanda mpaka uwe donge lililolowa kote. Ya pili ni kama ziwa lisilopokea mto wala mvua, ila lina chemchemi inayobubujika kutoka chini. Ya tatu ni bwawa lenye maua ya buluu, mekundu na meupe, ambamo baadhi huota na kukua ndani ya maji bila kuchomoza, yakiwa yamejaa ubaridi wa maji kuanzia ncha hadi mizizi. Ya nne ni mtu aliyeketi akiwa amejifunika shuka jeupe kuanzia kichwani hadi miguuni.

Ukiisoma mifano hii kwa kufuatana, utaona kitu. Kwenye wa kwanza kuna mikono inayofanya kazi. Kwenye wa pili mikono haipo, lakini maji bado yanabubujika. Kwenye wa tatu hakuna kinachosukuma chochote. Ua limelowa tu, limeshiba. Na ndivyo hatua hiyo inavyoelezwa: msisimko wa furaha umekwisha, imebaki raha tulivu iliyoenea mwili mzima. Ua lililochomoza lisingefaa hapa, kwa sababu sehemu yake moja ingekuwa kavu.

Lotasi ya juu ya maji nayo ipo kwenye maandishi ya zamani, ila ina kazi nyingine. Buddha anajifananisha nayo anapoulizwa yeye ni kiumbe wa aina gani: amezaliwa duniani, amekulia duniani, lakini dunia haimgandi, kama maji yasivyoligandia ua. Mfano huo una msingi kwenye mmea wenyewe. Mwaka 1997 wanabotania wa Ujerumani Wilhelm Barthlott na Christoph Neinhuis walieleza siri ya jani la lotasi: lina vijinundu vidogo mno vilivyofunikwa kwa nta, hivyo tone la maji haliwezi kutandaa. Linabiringika na kuondoka na vumbi.

Kwa hiyo tuna maua mawili. La juu linamweleza mtu aliyekwisha kuwa huru. La chini linamweleza mtu aliye katikati ya kutaamali. Wachongaji walilipenda la juu, na mtu anaelewa kwa nini: kuchonga ua lililozama ni kazi. Kadiri karne zilivyopita, Buddha alizidi kuchongwa akiwa ameketi juu ya lotasi iliyochanua, na picha hiyo ndiyo iliyosafiri mpaka kwenye simu zetu.

Lakini waliokuwa wakitaamali hawakulisahau ua lisilochanua. Sutra ya taamuli ya Amitayus, iliyojulikana China kuanzia karne ya 5, ina mazoezi 16 ya kuona kwa moyo. Katika la 12 mtu anajiona ameketi ndani ya lotasi, petali zikiwa zimemfunga. Anakaa humo kwanza, ndipo linafunguka.

Na mfalme? Alikiri kosa lake, akaaga, akaondoka. Baada ya hapo Buddha aliwaambia watawa kwamba kama mtu yule asingemuua baba yake, angeuona ukweli pale pale alipokuwa ameketi. Alisikia mfano wa ua lililojaa ubaridi kuanzia ncha hadi mizizi, akarudi kasrini jinsi alivyokuja, isipokuwa sasa amesema kwa kinywa chake alichofanya. Kisa hakisemi kwamba alipona.

Ile picha ya rafiki yangu bado ninayo. Utafiti ulichukua miezi mingine kusogea, na muda mwingi wa miezi hiyo nilikuwa chini tu, nasoma.